Nakala ya Nne

Xalapa. Huandikwa kwa herufi iliyo kama mkasi,
hutamkwa kwa pumzi,
kama mtu anayepuliza kahawa ipoe.

Duka langu liko chini ya ngazi, karibu na chuo cha muziki:
mashine mbili, stapla moja, na tochi ya siku umeme ukikatika.
Peso moja kwa kurasa mbili.
Wao huniita Bi Tencha.

Agosti huwaleta.
Wanashuka na maboksi yaliyofungwa kamba ya katani.
Wa Papantla wananukia vanila,
wa Minatitlán wanashangaa kuona mvuke
ukitoka vinywani mwao wenyewe,
na kila mmoja ana blanketi la mama
na namba ya binamu asiyepokea simu.
Wanakodi vibanda vya juu ya paa, watatu kwa godoro mbili,
wanaanika soksi Jumatatu,
wanazivaa mbichi Ijumaa.
Maana mvua yetu hainyeshi, inanong'ona:
chipichipi, chipichipi,
siku nne mfululizo, kama mdai mwenye adabu.

Na bado wanacheka!

Fabiola wa fagoti anafanyia mazoezi ngazini
kwa kuwa mwenzake wa udaktari hulala mchana.
Noti ileile mara arobaini.
Mbwa wa mtaa wameikariri.
Nereo wa biolojia aliniachia chupa ya vyura,
"Dakika tano tu, Bi Tencha,"
akarudi Alhamisi.
Na yule wa falsafa, jina lake nalihifadhi kwenye daftari la madeni,
aliniambia deni ni dhana.
Nikamjibu: na wino pia ni dhana, mwanangu,
chukua karatasi nyeupe ukasome.

Saa nane za usiku huwasikia kutoka dirishani
wakirudi dansini, viatu mkononi,
wakigawana tamale moja watu wanne
na kubishana kama wakati upo au haupo,
ilhali mtihani upo,
saa moja asubuhi.

Mimi sikwenda.
Mwaka wangu ulipofika baba aliteleza shambani, Coatepec,
gunia la kahawa mgongoni,
na ada yangu ikageuka nyonga yake.
Ilipona vizuri. Alicheza harusini kwangu.

Lakini nimesoma.
Mashine ikipata joto hulazimu kuipumzisha,
nami husoma kilicholala juu ya kioo.
Naujua moyo wa farasi vyumba vyote, wa ng'ombe siujui.
Najua vita vingi vilivyoanza,
sijui nani alishinda,
kwani walimu huagiza sura ya kwanza hadi ya nne tu.
Elimu yangu haina dibaji wala hitimisho,
ni tumbo tupu la samaki,
mnofu bila kichwa, bila mkia.

Ila Juni huja na vitabu vizima.
Tasnifu: nakala tatu, jalada gumu, herufi za dhahabu.
Tatu ni za wazee wa jopo.
Ya nne naitoa wao wakiwa nje wanavuta sigara kwa woga,
na siiandiki kwenye hesabu.
Nyuma ya maboksi ya wino ziko mia moja na kumi na sita.

Nereo alinigundua.
Kosa langu: nilimwambia jedwali la ukurasa wa arobaini na moja halijumliki,
vyura kumi na tisa waliingia, ishirini na wawili wakatoka.
Alinitazama. Akatazama rafu.
Hakusema neno. Akaketi sakafuni akahesabu upya,
tukachapa hadi alfajiri,
naye akalipa zote nne.

Kisha mji unakuwa mpana ghafla.
Wiki sita nzima mbwa hawana noti ya kungoja,
nami nafuta vioo ambavyo si vichafu.

Leo, boksi lililolowa limeingia dukani
na nyuma yake msichana wa Perote, mashavu yamepasuka kwa baridi.
Anauliza kama ninatoa ramani.
Ya mji mzima, anasema, hata milima,
hata njia asizozihitaji.

Nainua kifuniko.
Taa ya kijani inapita polepole
juu ya mitaa yote.